Waya wa Kupimia

Ililetwa ikaguliwe tu kabla ya Ramadhani,
amplifaya ya msikiti, mzima wa afya kama kondoo,
nami siku tatu nimeipasua tumbo:
kapasita nne mpya, transista mbili,
na mvumo bado umo, mmm, mmm,
kama mtu aliyenuna chumba cha pili.
Bwana Shekuwe, mweka hazina, kila asubuhi hupita kibarazani
akauliza bila kuuliza:
"Yeo kumekuchaje, Mwanashali?"

Siku ya nne Famau, mtoto wa dada,
aliegemea meza yangu na hamri mkononi.
Waya wa kupimia ukajikunja chini ya kiwiko chake
na mvumo ukanyamaza.
Akainuka, ukarudi.
Hakusema neno.
Nyani, husema watu, haoni,
na nilijua wamsema nani.

Nikaukata. Ndani ya ganda jeusi shaba ilikuwa unga wa kijani:
chumvi ya Langoni ilitembea humo miaka sita,
inchi kwa inchi, hadi kwenye lehemu.

Usiku nikageuza bahasha ya bili ya stima, nikaandika.

Ndefu sitaki. Waya mrefu hula sauti nyembamba,
huanza na sini, ikafuata shini.
Dhiraa mbili zatosha, mashine hadi mashine.
Ngao iwe ya kusukwa, isukwe kama ukili wa bibi yangu,
uiinulie taa usione mwanya;
si ile karatasi ya kufungia peremende,
ipasukayo ukishaikunja mara mia.
Plagi za ndizi kwa spika, huingia na kutoka upesi.
Mamba kwa dharura tu, meno yake hayana amana.
Miguu mitatu yenye kufuli kwa maikrofoni,
na kwa mashine ya mawimbi ile ya kusukuma, kuzungusha robo,
iseme *tak*,
nijue imekubali.

Dhahabu?
Nilicheka kwanza. Muuzaji wa Mombasa
aliipamba kwenye simu kama bibi harusi:
"Dada, itakupa sauti tamu."
Sitaki tamu. Meza ya kupimia haiombi asali.
Nikakata simu.
Kisha nikauangalia tena ule unga wa kijani,
nikampigia: lete ya dhahabu,
si kwa utamu wake, kwa kuwa haili kutu.
Na soketi nazo nikabadili,
maana dhahabu na bati ukiviozesha katika hewa hii
vitaoza.

Elfu tisa na mia mbili. Jokofu litangoja.

Mzigo ulifika Mokowe kwa basi, ukavuka kwa boti
chini ya gunia la vitunguu.
Sikuunganisha kitu cha mtu.
Ncha moja niliitia mashine inakotolea, ncha ya pili inakopokelea,
mashine ileile,
meza ijisikilize yenyewe kwanza.
Tukautikisa waya, tukaukunja,
Famau akauvuta kwa kisasi cha siku zote nilizomkemea.
Mstari ulilala kiooni
kama uzi wa fundi kofia kabla ya tundu la kwanza.

Hapo ndipo nikaigeukia amplifaya.
Haikuwa na kitu. Haijapata kuwa na kitu.
Kapasita nne na transista mbili, sadaka yangu.
Nikamwandikia Bwana Shekuwe risiti ya sifuri;
akaisoma mara mbili, akaitia kofiani.
Kwa aibu iliyobaki
nikamlehemia waya mpya wa maikrofoni, wa kipande kilichosalia.

Ule wa zamani Famau amefungia banda la kuku.

Na alfajiri, nikiwa macho nikijifanya nimelala,
kabla ya neno lolote
spika ikatuletea mwadhini akimeza mate,
kisha, baada ya takbiri,
shini ya kwanza,
nzima, haijaliwa.