Tonge la Mpishi

Miaka sita nimepika jirani na stesheni ya Tabora:
wali, maharage, kisamvu cha karanga,
na siku ya treni ya Mpanda, kuku wa kienyeji
aliyechemka tangu alfajiri mpaka mifupa ikakubali.
Miaka sita watu wameshiba mikononi mwangu
nami nimesimama nyuma ya jiko
nasukuma tonge moja kwa vikombe viwili vya maji,
mikono juu kama mtu aliyekamatwa,
kifua nimekinyoosha, nasubiri.
Linakaa.
Hapa, nyuma ya mfupa wa kifua,
linakaa kama mgeni aliyebisha hodi
na wenyeji wamo ndani, kimya.

Usiku linarudi lilivyo.
Wali ni wali, haujaguswa na nyongo,
punje nyeupe kwenye mto.

Alianza Mwashi muuza karanga:
"Mpishi asiyekula chungu chake ana jambo."
Neno likapanda behewa, likashuka Urambo,
likarudi limenenepa:
anawalisha watu dawa, tazameni mwenyewe alivyokonda.
Ningewaambia nini? Kwamba nina njaa?
Mama ntilie mwenye njaa, nani angeamini?
Sahani zikapungua, kutoka hamsini hadi tisa.
Mama mkwe akaniletea mganga kutoka Isevya,
akanichanja shingoni chale tatu,
mbali kabisa na mlango wenyewe.

Kisha ikaja kambi ya madaktari bingwa, siku tano,
turubai la bluu uwanjani mwa hospitali.
Nikanywa dawa nyeupe, nzito kama chokaa,
nikasimama mbele ya mashine,
na Daktari Lushinge akanionyesha picha:
umio wangu, juu mpana kama gunia,
chini umechongoka kama mdomo wa chiriku.
"Si koo, mama, wala si mtu.
Kuna msuli hapa, mlangoni mwa tumbo.
Kazi yake ni kufungua chakula kikija.
Wako umesahau."
Umesahau! Nikacheka, nikapaliwa na mate.
Miaka sita nimekondeshwa na bawabu mzembe.

Alhamisi sikula. Si jambo geni.
Wakanipulizia dawa chungu kooni,
ulimi ukawa wa mtu mwingine,
wakanidunga usingizi mkononi.
Yaliyofuata nilisimuliwa na nesi Kalunde:
bomba jeusi lenye jicho na taa lilishuka,
likapita mabaki ya juzi na jana,
likafika mlangoni.
Puto likapelekwa limekunjwa,
likajazwa polepole, huku wanahesabu,
mpaka msuli ukaachia.
Dakika chache. Treni ya Mpanda huchelewa zaidi ya hapo.

Nikaamka na maumivu, kama nimepigwa teke.
"Unaweza kujifunga tena," daktari akasema,
"mwakani, baada ya miaka mitatu, sijui.
Usilale tumbo likiwa limejaa."
Niliipenda ile sijui.
Wote kabla yake walijua.

Jumapili nikasonga ugali kidogo, nikamega,
nikaketi. Kuketi tu kulinitisha.
Mkono wa kushoto ukatafuta kikombe wenyewe.
Nikameza.
Sikusikia kitu.
Hakuna aliyekuwa ameniambia
kwamba chakula kikishuka hakina habari,
kwamba nyinyi nyote mnaishi hivi
na hamshangai.
Nikamega la pili, nisikilize vizuri.

Sasa nakula mbele ya wateja, sahani ya kwanza ni yangu,
na sahani zimefika thelathini na kitu.
Jumatano Mwashi akaja, akanitazama ninavyotafuna,
akaomba wali kwa mkopo.
Nilikuwa na neno lake, la siku nyingi,
limekaa palepale, juu ya mlango.
Nikamwongezea mchuzi.
Neno bado lipo.
Puto la hilo hawakuja nalo.