Safu ya Maoni

Daftari bado linanuka petroli.
Mende wamekula pembe za jalada,
ila mwandiko wa baba haujatikisika:
herufi zimelalia upande mmoja
kama mahindi yaliyopigwa na upepo wa Loleza.

Tarehe. Saa za injini. Kasoro. Fundi.
Na mwisho kabisa, safu nyembamba: Maoni.

*Machi 1953. Imewasili Mbeya. Tumboni viraka kumi na kimoja.
Rangi ya vita inachungulia chini ya rangi mpya.
Maoni: Imepigwa sana huko ilikotoka. Haisemi.*

Uwanjani ilikaa kama mbwa anayengoja mfupa,
mkia chini, pua juu,
na mbuzi wa watu walipenda kivuli cha bawa lake.
Kabla ya kila safari baba aliwafukuza mbuzi kwanza,
kisha akazungusha rafadha kwa mkono, taratibu,
akisikiliza silinda moja moja
kama mganga aliyeweka sikio kwenye kifua cha mtoto.

Ilibeba pareto, na rubani akapiga chafya mpaka Dodoma.
Ilibeba vifaranga mia nane wa siku moja,
miche ya chai ya Mufindi imefungwa kwa magunia mabichi,
na mara moja piano ya misheni ya Rungwe,
iliyotoa sauti yenyewe
kila walipoingia wingu.

Ilibeba na wanaume.

*Juni 1958. Watu 27, kwenda migodini kusini. Tairi la mkia jipya.
Maoni: Lwitiko kakaa kulia, dirisha la tatu. Hakugeuka.*

Lwitiko, mdogo wake baba. Blanketi moja,
kibandiko shingoni kama mzigo uliolipiwa.
Alisema atarudi na baiskeli.

*Septemba 1964. Injini ya kushoto inavuja, lita moja kwa saa. Nimebana.
Maoni: Subilaga kazaliwa alfajiri. Kilo tatu. Naye anavuja.*

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kumbukumbu za ndege,
kati ya bomba la mafuta na breki ya kulia.

Baba alikuwa na sheria moja, nayo tuliijua
kabla ya kujua kuhesabu:
idadi ya kuruka na idadi ya kutua lazima zilingane.
"Zisipolingana," alisema, akijifuta grisi kwa gazeti,
"kuna mwanamke mahali fulani anapika chakula cha mtu
ambaye hatakila."

*1979. Vipuri hakuna. Dirisha la tatu limepasuka,
nimeziba kwa bati la kopo la mafuta ya kupikia.
Maoni:*

Hapo hakuandika.

*1983. Imesimama.*
Maneno mawili yanakosa, ukurasa mzima ukabaki mweupe,
na kwenye tundu la injini kuku wa mlinzi akaatamia.
Tulikuwa tukiingia ndani kucheza, mimi na wenzangu,
tena nilikuwa mkubwa, nimeshavunja ungo zamani,
lakini niliketi pale kulia, nyuma ya bati,
nikijaribu kutogeuka.

Mnunuzi wa chuma chakavu alikuja na mizani.
Miaka thelathini, akaipima kwa kilo.
Mwaka ule Soko la Mwanjelwa lilijaa sufuria mpya;
mama alinunua moja, akaigonga kwa ukucha,
ikalia kidogo, kama piano iliyo mawinguni.

Baba aliombwa atie sahihi ukurasa wa mwisho.
Akavaa miwani. Akajumlisha tangu mwanzo, usiku kucha,
kwa taa ya chemli, bila kunywa chai yake.

*Kuruka: 11,206.
Kutua: 11,206.*

Zimelingana. Akapiga mstari miwili chini, akatia sahihi,
Asegelile Mwakalobo, Fundi.

Halafu, kwenye safu nyembamba, kwa herufi ndogo
ambazo nimezisoma leo tu, nikishikilia daftari dirishani:

*Lwitiko. Kuruka: 1.
Kutua:*

Hakuandika sifuri.
Wala hakukata.