Shuka Kavu

Kidonge kilikuwa cha samawati,
kama punje ya choroko.
Daktari alikiandika bila kuinua kichwa:
"Kitatuliza kibofu. Asubuhi kimoja, usiku kimoja."
Nikalipa. Nani asingelipa?
Nilikuwa nimefua shuka mara tatu tangu Jumapili,
na maji ya Jericho huja Jumanne na Ijumaa, yakipenda.

Siku ya tano shuka zilikuwa kavu.
Ulimi wake nao ulikuwa mkavu, umeganda kwenye kaakaa,
na mama, aliyekuwa bado akiniita Mwakio,
akanitazama kama mlango wa jirani.
"Wewe ndiye fundi wa bomba?"
Usiku aliongea na watoto walio ukutani.
Aliwasihi waende wakalale, kesho kuna shule.

Nilidhani ugonjwa umepiga hatua.
Ugonjwa hubebeshwa kila mzigo.

Ni Bi Nasambu wa duka la dawa, Buruburu,
aliyesema, "Lete zote. Hata za kikohozi. Hata za mitishamba."
Nikazimwaga kaunta kutoka mfuko wa unga:
kumi na moja.
Akazipanga kama karata asizoziamini.
Kidole kimoja juu ya kile cha samawati,
kingine juu ya cha kumbukumbu:
"Hiki kinafungua dirisha, hiki kinalifunga.
Nawe unanunua vyote viwili."
Kisha, "Hiki cha presha anameza saa ngapi?"
Saa mbili usiku, baada ya ugali.
"Basi hicho nacho kinamwamsha."
Hakuniambia niache. Alisema, "Rudi kwa daktari. Muulize
mama anapata nini, anapoteza nini, na mtajuaje.
Usitoke mpaka ajibu."

Nilirudi. Niliuliza, karatasi ikitetemeka mkononi.
Daktari alikaa kimya. Safari hii akainua kichwa.

Sasa cha presha ni asubuhi. Cha samawati tumekiacha.
Mlango wa choo nimeupaka nyekundu,
taa haizimwi, tokeni za stima na ziishe.
Kila baada ya saa mbili namwambia,
"Mama, twende tukanyooshe miguu,"
kwa kuwa neno lenyewe linamvunjia heshima.
Mjomba alikuja kutoka Wundanyi, akasema
mwana wa kiume na mamaye, si desturi.
Nikamkabidhi ndoo.
Akakumbuka basi lake.

Sisemi tumeshinda.
Jana shuka zililowa tena, zote mbili.
Nilifua saa tisa usiku, povu likiniingia machoni,
na kile kidonge, kusema kweli,
nilikitamani.

Akaja akasimama mlangoni,
kiganja sikioni, kama enzi zake kwenye swichibodi ya Posta.
"Unataka namba gani?"
"Ya nyumbani," nikasema.
Akasubiri. Laini ilikuwa mbali.
"Mwakio," akasema,
"shuka hazikauki usiku. Anika kesho."