Mguu wa Tatu

Ninazo tano sasa, zimelala kabatini Pasua
juu ya mashuka ya harusi ambayo Eliwaza hayatandiki.
Darubini za jeshi. Si za kutazamia nyota,
wala za watalii wanaohesabu meno ya simba.
Hizi zilitazama risasi ilipoangukia,
kisha mtu akasema: kushoto kidogo.

"Macho matano," asema mke wangu,
"na hakuna hata moja lililoona sukari imekwisha."

Ya nne ndiyo inayonikosesha usingizi.
Shaba, koo refu, lenzi ina ukungu pembeni
kama jicho la mbuzi mzee.
Niliinunua Kiboriloni kwa muuza vyuma chakavu
aliyekuwa akiipima kwa kilo, pamoja na rejeta.
Namba 418 imegongwa shingoni.
Miguu miwili ina 418.
Wa tatu, hewa.

Figa moja haliinjiki chungu, hilo tunalijua.
Lakini mawili? Mawili ndiyo yanayotesa:
yanakupa matumaini, kisha yanamwaga mchuzi.

Miaka sita nimeuliza.
Kwa mafundi baiskeli, kwa mapadri wenye stoo,
kwa mlinzi wa stesheni anayelinda majani.
Nimeletewa mguu wa kamera, mguu wa cherehani,
fimbo ya mwavuli, na siku moja
mguu wa meza, rangi ya shaba ingali mbichi.
Nilimpa kijana yule nauli.
Rangi ilinibaki viganjani hadi Jumapili.

Kisha Kibosho, mvua za Aprili.
Nimekwenda kutengeneza mashine ya kukoboa kahawa,
nikauona
katikati ya kihamba, umeinama,
umebeba mkungu wa mshare
kama mpagazi aliyesahauliwa, hakuambiwa tua.
Nilipangusa tope kwa kidole gumba.
Nne. Moja. Nane.

Bibi Ludovika hakunikatiza nilipotaja bei.
Alimaliza kumenya ndizi iliyokuwa mkononi.
"Huo," akasema, "ni mshahara."

Baba mkwe wake, Kirenga, alichukuliwa na vita
akiwa hajaota ndevu.
Jicho lilisafiri ndani ya mfuko wa ngozi;
miguu ilifunguliwa, ikagawanywa kwenye mizigo.
Mbele ya Kahe homa ikamlaza.
Alipoamka jeshi limekwenda
na jicho, na miguu miwili, na daftari la majina.
Alirudi kwa miguu, na mguu begani.

"Mara tatu alikwenda bomani kudai.
Mara tatu wakamwambia jina lake halimo.
Basi akauchomeka hapa, akauambia:
utafanya kazi mpaka unilipe."

"Na haujamaliza?" nikauliza, nusu mzaha.
Bibi akautazama mkungu, vichane kwa vichane.
"Bado."

Sikubishana. Nilitoa kalipa mfukoni,
nikapima unene, tundu la skrubu,
urefu wa kucha yake iliyozama udongoni,
mvua ikinidondokea kolani.
Nyumbani nikakereza mwingine kwa mringaringa.
Karakana nzima ikanukia mti.
Namba sikuigonga.

Sasa 418 imesimama barazani,
miwili ya shaba, mmoja wa mti,
imeegemea kidogo upande wa mlima.
Jamaa mmoja wa Arusha, naye mkusanyaji, alikuja kuiona,
akaizunguka, akasikitika: nimeiharibia thamani.
Labda.

Juzi Bibi alipiga simu.
Mkungu umekatwa, nije na gunia.
Na mguu?
Nilisikia panga likiwekwa chini, kikohozi, kuku.
"Nimeuhamishia mgomba wa pili."