Zamu

Tulilinda lango la kusini, watu watatu,
chini ya fahali wa jiwe mwenye mbawa na ndevu za kusukwa
na miguu mitano. Ihesabu mwenyewe ukibisha:
kwa mbele amesimama, kwa ubavuni anatembea.
Kati ya miguu hiyo mfalme alichongesha maneno.
Hatukujua kusoma. Zabinu alisema ni orodha ya madeni.

Yeye ndiye aliyeanza kukwaruza kwa ncha ya mkuki,
pale kwato inapokanyaga msingi:
vyumba vinne mara tatu, kisha mkia wa vyumba vinane.
Mistari ikaenda upogo kama meno ya Nashuhu,
na Nashuhu akasema, "Na maua je? Bila maua hilo ni kaburi."
Akachora matano, mabaya, kama buibui.
Kete iliyo kwenye ua hailiki.

Kokoto tano huku, kokwa tano za tende huku,
na kifundo cha kondoo cha kurusha.
Mimi, mdogo wao, nilishika taa,
nikajifunza matusi ya Hamathi, alikotoka Zabinu,
aliyehamishwa na jeshi hilihili alilolivalia kofia.
"Bibi yangu alicheza hivi," alisema,
"ila yeye aliiba vizuri zaidi."

Zamu ya nani? Usiku kucha swali hilo.
Msimamizi akipita gizani, "Zamu ya nani?"
tukaruka sote: "Yangu!"

Kisha wakaja kuhesabu wa kwenda milimani.
Nashuhu alikuwa amebakiza kokwa mbili, anaongoza,
kifundo ki mkononi.
Akakiweka chini. "Msiguse."

Tulilala tumelizunguka bao lile kama mbwa,
upepo tukiuzibia kwa ngao.
Mwezi wa tatu wakaingia wajumbe wasiotazama watu usoni:
mfalme ameanguka, hata maiti haikupatikana.
Za mfalme zilisemwa mchana kutwa.
Za wengine hakuna aliyeuliza.

Mji ukafungashwa: magudulia, milango, hata bawaba.
Tukaambiwa lango halina tena cha kulindwa.
Alfajiri nikamwona Zabinu amechuchumaa,
akidhani nimelala.
Hakurusha kifundo.
Aliishika kokwa ya Nashuhu iliyokuwa hatarini,
akaisogeza chumba kimoja, nje ya zamu,
hadi kwenye lile ua la buibui,
akaibonyeza kwa kidole gumba,
akaokota mkuki wake.