Pacha Amzika Pacha

Jumapili, uwanja wa Kawawa, dakika ya themanini na mbili,
Toyi alimpiga chenga pacha wake Bukuru
akaupitisha mpira chini ya kwapa la kipa.
Moja bila. Ndiyo habari yote.
Mama yao, Nyanzobe, alicheka mpaka machozi yakamtoka,
maana aliyefunga alizaliwa wa pili
na amekuwa wa pili tangu siku ile,
hata kwenye sahani.

Mimi nilikaa juu ya kreti la soda nyuma ya goli,
simu yangu ina ufa toka kona hadi kona,
nalipwa shilingi mbili kwa kila atakayebofya.
Nikatuma: Kasimbu yaifunga Rusimbi.
Bosi akajibu kutoka Dar:
"Hiyo ni habari au risiti?"

Mpira una maneno yake.
Kuua, kuchinja, kutandika, kuzika:
hakuna aliyewahi kuitwa polisi kwa maneno hayo.
Nikaandika:

PACHA AMZIKA PACHA MWENZAKE KIGOMA!
MAMA AANGUA KILIO. TAZAMA HAPA

Sikusema uongo. Nilijipongeza hivyo,
nikala chipsi mayai pale Mwanga
huku namba zikifura kama povu la mawese chunguni,
elfu nane, elfu ishirini,
elfu arobaini na moja.

Mmoja wa hao alikuwa Ntamagiro wa Heru Juu,
kaka yake Nyanzobe, mtu wa kahawa na maharage,
anayeshika simu kwa mikono miwili kama bakuli la uji.
Akabofya. Kiduara kikazunguka.
Kikazunguka.
Bando likakata.
(Kubofya kwake kulihesabiwa. Shilingi mbili zake nilizipata.)

Akampigia dada yake: hapatikani.
Ujiji umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.
Na hakujua ni yupi.
Nani kazikwa, nani kazika, kichwa cha habari hakisemi.
Akamuuza beberu kwa jirani, kwa bei ya mwenye msiba,
akaenda kununua bafta, akasimama dukani akiwaza vipimo,
kisha akakumbuka wote wawili ni kimo kimoja.
Usiku akapanda lori la ndizi.

Alfajiri alibisha hodi. Aliyefungua ni Toyi.
Mzee akamtazama kama mtu anayesoma barua ya mahakama.
"Mwenzako umemfukia wapi?"
Nyuma yake akatokea Bukuru, mswaki mdomoni.

Mtaani wanasimulia kwamba mzee alicheka.
Hakucheka. Mimi nakaa nyumba ya tatu,
nilisikia kishindo kama gunia limetuliwa.
Nilimkuta amekaa kizingitini
amewashika vifundo vya miguu, huyu mkono huu, yule mkono ule,
na hawaachii.
Nyanzobe hakusema kitu. Aliiokota bafta,
akaikunja, akaisukuma sandukuni, chini ya vitenge vyote.
Kitambaa kile hakirudishwi dukani.

Bosi aliposikia, alishangilia:
"Andika! MJOMBA ATUA NA SANDA, HUTAAMINI ALICHOKIKUTA!"
Nami, Mungu anisamehe, niliandika yote
hadi alama ya mshangao.
Kidole kikabaki hewani
juu ya ule ufa.

Jioni nilituma hii:
"Uwanja wa Kawawa, Jumapili. Kasimbu 1, Rusimbi 0.
Mfungaji Toyi Bulimanya, dakika ya 82.
Wachezaji wote walirudi nyumbani salama."
Imesomwa na watu kumi na tisa.
Bosi hajanipigia tena.

Ntamagiro ni mmoja wa hao kumi na tisa,
bando nilimnunulia mimi.
Alisoma kidole kikifuata kila neno hadi nukta,
akarudia mstari wa mwisho,
akanirudishia macho.

"Sawa," akasema.
"Na beberu wangu je,
yeye anabofywa wapi?"