Tanbihi ya Ukurasa wa 212

Masanduku saba, na mvua ya Bergen dirishani
haijaamua kama inakuja au inaondoka.
Torbjørg Heggland ameacha wosia mfupi kuliko risiti:
karatasi zangu apewe aliyenipigia taipu.
Ndiye mimi.

Miaka thelathini na minne aliishi na maiti za wenyewe.
Watatu tu: mshairi, mtunzi wa tamthilia, halafu mshairi tena,
kila mmoja akamla miaka kumi na ushei.
Aliwajua kwa saizi za viatu, kwa deni la duka la tumbaku,
kwa jino lililong'olewa Alhamisi.
Arnfinn, mumewe, alikuwa akiuliza mezani,
"Leo tunakula wangapi?"
na kuweka sahani ya tatu, kwa mzaha,
mpaka mzaha ukachacha
akahama na sahani zake.

Barua za wasomaji hakuzipanga kwa tarehe.
Alizipanga kwa hasira.
Sanduku la kwanza linaunguza vidole:
mwalimu wa Molde amekirudisha kitabu kwa posta,
amekipasua kwa mkasi katikati ya uti wa mgongo.
"Beti zake tulizisoma harusini kwetu.
Sasa nikimtazama mume wangu nausikia ule mlango,
mshairi anaufunga kwa nje, mkewe yumo ndani.
Nani alikutuma umwage mtama mbele ya kuku wote hawa?"

Mzee mmoja, mstaafu wa idara ya hali ya hewa:
"Ukurasa wa 88 umeandika theluji.
Tarehe tisa Machi theluji haikuanguka.
Nilikuwa kazini. Nilipima."
Torbjørg amelipigia mstari neno nilipima, mara mbili,
na katika toleo la pili theluji ikayeyuka.

Kijana wa miaka kumi na sita, mwandiko umelalia kushoto:
"Je, ni lazima niwe mtu mbaya ndipo niandike vizuri?"
Nyuma yake zimebanwa rasimu nne za jibu.
Zote zinaanza na Hapana.
Ya nne inaishia hapohapo.
Hakuna iliyotiwa stempu.

Oddlaug hakuandika. Alikuja.
Mlango niliufungua mimi,
na mbele yangu ikasimama pua
niliyokuwa nimeipiga taipu mara sita.
Mikono yake ilinuka kiwanda cha dagaa cha Stavanger.
Hakutaka fedha, hakutaka jina.
Aliuliza tu, koti likimchuruzika zuliani,
"Humo kitabuni, nimo?"

Torbjørg, aliyedai hati tatu kwa kila busu,
hakuwa na hati. Alikuwa na pua.
Akamtilia chai. Akamtilia nyingine.
Usiku ule akanisomea tanbihi, herufi ndogo,
maneno tisa, la kwanza likiwa Inasemekana,
na sauti yake ikakwama hapo kama mfuko kwenye kitasa.

Kadi ya Oddlaug ipo katika sanduku la sita, peke yake:
"Nimenunua kimoja. Nimefungua 212.
Kurasa nyingine sijazisoma.
Hapa nilipo, nafasi inanitosha."

Sanduku la saba ni jepesi, nilidhani ni tupu.
Lina kitambulisho cha maktaba, kifungo cha koti,
na risiti ya sokoni, miaka mitatu baada ya Arnfinn kuhama:
samaki wawili, limau moja, mshumaa.

Wawili.

Marehemu hasengenywi, ninajua,
na huenda alikuwa na njaa tu.
Lakini vidole vyangu vimeshatangulia kwenye mashine,
vimeshaandika Inasemekana,
nami nimekaa nalitazama neno hilo
tangu saa nne asubuhi.

Kabla ya lolote nitampigia simu yule mzee, kama yu hai,
nimuulize kama siku ile ilinyesha.